Foleni ndefu na mtoto mdogo: namna ya kumtuliza mnaposubiri

Kliniki, hospitalini, stendi, stesheni ya TAZARA, kwa wakala wa pesa, kwenye mashine ya kukoboa mpunga: mzazi wa Bonde la Kilombero husubiri sehemu nyingi, na mara nyingi husubiri akiwa na mtoto mdogo. Mtu mzima anaweza kukaa kwenye benchi saa mbili akipiga soga na jirani yake. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi. Baada ya dakika chache anajinyonganyonga mapajani, anataka kushuka, anavuta kadi ya mtu wa pembeni, kisha anaanza kulia. Watu wanageuka kutazama, na mama anaona aibu.

Katika makala hii tunaeleza kwa nini mtoto wa mwaka 1 hadi 3 hushindwa kusubiri, nini cha kufanya bila kutumia fedha, na nini kisifanyike kabisa. Tunaeleza pia wakati ambao utulivu wa mtoto si wa kufurahia, bali ni dalili ya hatari.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Mtoto anatakiwa kuendelea kuhudhuria kliniki mpaka afikishe miaka 5. Anapimwa uzito na urefu, anapata matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6 kuanzia umri wa miezi 6, na dawa za minyoo kuanzia mwaka 1. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili: akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18.

Hiyo ya miezi 18 ndiyo ambayo familia nyingi huiacha ipite. Mtoto wa miezi 9 bado anabebeka mgongoni na analala. Wa miezi 18 ni mzito, anatembea, na hataki kukaa mapajani. Mama akikumbuka alivyohangaika kwenye foleni mara ya mwisho, ni rahisi aseme "nitakwenda mwezi ujao". Msimu wa kupalilia au kuvuna mpunga ukiingia, mwezi ujao unakuwa mwingine, na mwingine tena. Lakini dozi moja ya chanjo ya surua haiwakingi watoto wote, ndiyo sababu ya pili ikawekwa. Mzazi anayejua namna ya kukaa na mtoto kwenye foleni hurudi kliniki bila hofu.

Kwa nini mtoto hawezi kusubiri

Mtoto anayelia kwenye foleni hajaharibika, wala hajalelewa vibaya. Sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia bado ni changa sana katika umri huu, na itachukua miaka mingi kukomaa. Ukimwambia "tulia, bado saa moja", hasikii chochote cha maana. Hajui saa moja ni nini.

Anachokijua ni mwili wake. Mara nyingi akilia ni kwa sababu ana njaa au kiu, ana usingizi, anaona joto, amejilowesha, anaumwa, anaogopa sehemu ngeni, au amechoka kukaa bila la kufanya. Kabla ya kumwambia anyamaze, pitia sababu hizo moja baada ya nyingine kama unavyokagua baiskeli iliyogoma: tairi, mnyororo, breki. Mara nyingi utapata jibu kabla hujafika mwisho.

Jambo la pili analolijua mtoto ni mpangilio wa matukio: kwanza hili, halafu lile. Kwa hiyo badala ya kumtajia muda, mtajie nani anafuata: "Akitoka yule bibi mwenye kilemba, anaingia kaka yule, halafu sisi." Kila mnaposogea kwenye benchi, mwambie mmesogea. Kwa mtoto wa miaka 2 huo tayari ni mchezo, na unampa kitu cha kungojea.

Maandalizi yanaanza nyumbani

Nusu ya kazi hufanyika kabla hamjatoka. Mpe mtoto chakula kabla ya safari, hata kama ni alfajiri na hataki kula sana. Beba uji kwenye chupa safi yenye mfuniko, maji ya kunywa yaliyochemshwa, na ndizi mbivu moja au mbili. Kama bado ananyonya, hiyo ni akiba yako kubwa kuliko zote: ziwa linamshibisha, linamtuliza na halina gharama.

Beba pia nguo ya kubadilisha, kanga ya ziada ya kutandika au kumfunika, na kitu kimoja anachokijua cha nyumbani: kikombe chake, mpira wa matambara, kipande cha nguo anacholala nacho. Sehemu ngeni haimtishi sana mtoto akiwa ameshika kitu chake.

Inapowezekana, nendeni watu wazima wawili. Kliniki ya mtoto si ya mama peke yake. Baba akiwepo, mmoja anakaa kwenye foleni na mwingine anamtembeza mtoto hadi mwembe ulipo na kurudi. Kama uko peke yako, usione haya kuomba: "Shikamoo mama, naomba unishikie nafasi yangu, nimtembeze mtoto kidogo." Watu wengi hukubali, kwa sababu nao wanapenda foleni iliyotulia.

Michezo isiyohitaji fedha

Mtoto mdogo hukaa na mchezo mmoja dakika chache tu. Usimpe vitu vyote kwa pamoja. Mpe kimoja, akikichoka kifiche, mpe kingine. Baada ya muda cha kwanza kitakuwa kipya tena.

Kanga. Jifunike uso, kisha jifunue na kumwita jina lake. Mtoto wa miezi 8 anaweza kuucheza mara ishirini bila kuchoka. Wa miaka 2 muulize: "Ua liko wapi? Rangi nyekundu iko wapi?" Kanga moja ina michoro ya kutosha robo saa.

Vidole. Kila kidole kiwe mtu wa nyumbani: huyu babu, huyu bibi, huyu kaka, huyu dada, huyu wewe. Kikunje, kikunjue, kilaze, kiamshe. Mtekenye kidogo mwishoni.

Kikombe na kitambaa. Watoto wa umri huu wanapenda kuingiza na kutoa. Kikombe kimoja na vipande viwili vya kitambaa vikubwa kiasi cha kutoingia kooni vinamtosha. Au mpe chupa tupu ya maji, afunge na kufungua nawe ukishika mfuniko.

Kutazama. Ifakara ni mji wa baiskeli. Kaeni mahali anapoona njia: "Ile inakuja. Imebeba nini? Mkaa. Ile nyingine? Mgomba wa ndizi." Kama mko kijijini kuna kuku, ng'ombe, mawingu na bodaboda. Mtajie majina ya vitu. Si kupoteza muda tu, ndivyo mtoto anavyojifunza kusema. Tumia lugha ya nyumbani kwenu, iwe Kiswahili, Kindamba, Kipogoro, Kibena au Kisukuma.

Kazi. Mtoto wa miaka 2 anapenda kuaminiwa. Mpe ashike kofia ya baba au kikombe kisicho na kitu, umwambie: "Nitunzie hiki mpaka tuitwe." Kadi ya kliniki shika mwenyewe, maana ataitafuna.

Wimbo. Imba kwa sauti ya chini, karibu na sikio lake, huku ukimpigapiga mgongoni taratibu. Sauti ya chini humfanya naye ashushe yake.

Kutembea. Mwili wa mtoto wa umri huu umeumbwa kutembea. Kila baada ya muda mshushe, mshike mkono, mzunguke jengo. Ukimzuia saa nzima, nguvu hizo zitatoka kwa njia ya kelele.

Akishaanza kulia

Kilio kikifika juu kabisa, maneno hayafai. Usimhutubie, usimchape, usimtikise. Kumtikisa mtoto mdogo kwa nguvu kunaweza kuumiza ubongo wake, na kumchapa kunamwongezea sababu ya kulia. Mnyanyue, mtoke kidogo kwenye msongamano, mkumbatie kifuani na pumua taratibu. Mtoto husoma mwili wako: ukiwa umekakamaa, naye anakakamaa. Akianza kupunguza kilio, mpe maji au ziwa, kisha sema maneno machache: "Umechoka. Najua. Tunakaribia."

Kumnyonyesha au kumlisha mtoto mwenye njaa si kumdekeza. Kumdekeza ni jambo jingine: kumnunulia pipi kila anapopiga kelele, hadi ajue kwamba kelele ndiyo bei ya pipi.

Usimtishie sindano

Hili linasikika sana kwenye mabenchi: "Ukilia nitamwita daktari akuchome sindano." Mtoto ananyamaza kweli, lakini kwa hofu. Siku anapougua, anapoona koti jeupe anapiga mayowe, hafungui mdomo, na muuguzi anashindwa kumpima vizuri. Vitisho vya polisi na vya mgambo ni vya namna hiyo hiyo. Siku mtoto akipotea sokoni, atamkimbia mtu ambaye angemsaidia.

Usimdanganye pia kwamba sindano haiumi. Mwambie ukweli mfupi: "Itauma kidogo, halafu itaisha, na mimi nipo." Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kuhusu kupunguza maumivu wakati wa chanjo, na mambo yake ni rahisi: mzazi awepo, mtoto akae mapajani ameshikwa vizuri badala ya kulazwa chali, na mtoto mchanga anyonyeshwe kabla au wakati wa kuchomwa. Ukitaka kunyonyesha wakati huo, mweleze muuguzi mapema, mkae mkao unaomrahisishia kazi.

Dawa za usingizi, vitafunwa na simu

Wapo wanaompa mtoto dawa ya maji ya mafua au kikohozi ili alale safarini. Ni hatari. Baadhi ya dawa hizo zina viungo vinavyoleta usingizi kwa kupunguza kasi ya ubongo, na kwa mtoto mdogo zinaweza kupunguza hata upumuaji. Promethazini, kwa mfano, haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Tena mtoto aliyelazwa kwa dawa akifika kwa daktari, daktari hawezi kujua kama amelegea kwa ugonjwa au kwa dawa.

Kuhusu vitafunwa, chunga kooni. Karanga, bisi, mahindi ya kuchoma, pipi ngumu na vipande vya muwa si vya mtoto wa chini ya miaka 4, kwa sababu vinaweza kumkaba. Ndivyo ilivyo kwa sarafu, vifuniko vya soda na betri ndogo za duara. Mtoto wa zaidi ya mwaka 1 akipaliwa, na hawezi kulia wala kukohoa, muinamishe mbele kifua kikielekea chini, mpige kwa kiganja mgongoni katikati ya mabega mara 5, na piga kelele kuomba msaada. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, maana unaweza kukisukuma ndani zaidi.

Simu nayo hutuliza kweli, na wengi wetu tunayo mkononi. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asitazamishwe video kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Sababu ni kwamba muda huo unakula nafasi ya kuongea, kutembea na kulala. Kuna sababu nyingine ya kwetu: chaji. Ukitoka Mlimba au Malinyi, simu iliyozimika saa sita mchana haitakusaidia kumpigia baba yake wala bodaboda jioni.

Mtoto aliyetulia kupita kawaida

Hapa tunaomba usome polepole. Mnapokuwa kwenye foleni ya wagonjwa, mtoto anayelia kwa nguvu na kurusha miguu ana nguvu ya kulia. Wa kuogopewa zaidi ni yule aliyekuwa analia, akanyamaza, akalegea. Watu watasema "afadhali amelala". Usikubali kabla hujamwangalia.

Katika bonde letu malaria bado ipo, na kwa mtoto mdogo hali yake inaweza kubadilika ndani ya saa chache. Usisubiri zamu yako ukiona dalili mojawapo kati ya hizi:

- hawezi kunyonya wala kunywa;
- anatapika kila anachopewa;
- amepata degedege, hapo au nyumbani;
- amelegea, ana usingizi usio wa kawaida, au ukimwamsha haamki vizuri;
- anapumua kwa shida, au mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi.

Nenda moja kwa moja kwa mhudumu yeyote umwambie wazi: "Samahani nesi, mtoto wangu amelegea na hanyonyi." Kumpeleka mbele mtoto wa namna hiyo si kuruka foleni. Wahudumu wa afya wamefundishwa kumtanguliza mtoto mwenye dalili za hatari, lakini hawawezi kuona kila kilichofunikwa na kanga mgongoni. Akipata degedege, mlaze kwa ubavu, legeza nguo, usimwekee kitu chochote mdomoni.

Ndiyo maana tunasema mfunue mtoto mara kwa mara, mguse, mwite jina. Kucheza naye kwenye foleni ni njia ya kumpima pia: mtoto aliyekuwa anacheka na kanga asubuhi, akikataa kuitazama saa nne, amekuambia jambo.

Stendi, stesheni na mtoni

Kabla ya Daraja la Magufuli kuzinduliwa mwaka 2018, waliotoka Mahenge, Lupiro na Malinyi kuja Ifakara walisubiri kivuko cha mto Kilombero. Sasa mto unavukwa kwa dakika chache, na kusubiri kumebaki stendi. Huko hatari kubwa ni magari yanayorudi nyuma: dereva hamwoni mtoto aliye nyuma ya basi. Kaa upande ambao magari hayageuzii, na mtoto awe mkononi au mgongoni mizigo inapopakiwa.

Kwa wanaopanda treni ya TAZARA, kusubiri kunaweza kuingia usiku. Mbu wanaoambukiza malaria huuma zaidi usiku, kwa hiyo mvalishe mtoto nguo za mikono mirefu na suruali kabla jua halijazama, na mfunike miguu anapolala. Reli si mahali pa kuchezea, hata kama treni haionekani. Na pale panapovukwa kwa mtumbwi, usimwachie mtoto mwenzake amchunge kando ya maji. Mtoto huzama bila kelele, kwenye maji yasiyofika hata magotini mwa mtu mzima.

Wewe uliyekaa pembeni

Mtoto wa mwenzio akilia, jicho lako linaweza kumpunguzia mama mzigo au kumwongezea. Usiseme "mtoto gani huyu". Sema "pole dada, nikushikie mfuko?" Mpungie mtoto mkono. Kama mama hakujui, usimchukue mtoto bila ridhaa yake, wala usimpe chakula bila kuuliza. Bibi mmoja anayejua kubembeleza anaweza kutuliza benchi zima.

Nini kijiji na kituo kinaweza kufanya

Mzazi hawezi kubeba yote. Serikali ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya miaka mitano, inayomhusu mtoto hadi miaka 8. Programu hiyo inasema malezi ni afya, lishe, ulinzi na usalama, malezi yenye mwitikio, na fursa za kujifunza mapema. Foleni inagusa karibu yote hayo.

Kila zahanati na kituo cha afya kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Waulizeni mambo madogo: kivuli cha kukaa, jamvi la watoto kwenye kona moja, ndoo yenye koki ya maji ya kunawa, choo kilicho wazi. Vichezeo havihitaji duka. Mpira wa matambara, mwanasesere wa gunzi na gari la boksi vinatengenezwa kijijini, ili mradi vifuliwe au vibadilishwe vikichafuka, na visiwe na vipande vidogo vya kumezwa.

Kwa ufupi

Kabla ya kutoka: chakula, maji, kanga ya ziada, kitu kimoja cha nyumbani, na mtu wa pili kama yupo. Kwenye foleni: mchezo mmoja mmoja, matembezi mafupi, na "akitoka yule, sisi" badala ya "bado saa moja". Akilia: mbebe, shusha sauti, tafuta sababu. Akilegea: simama, usisubiri.

Na kama mtoto wako ametimiza miezi 18, angalia kadi yake leo. Kama nafasi ya chanjo ya pili ya surua na rubela bado haijajazwa, siku ya kliniki ikifika mpeleke, hata kama foleni itakuwa ndefu.